Chicago White Sox 2024: Lawama Zilizowaendea Warushaji Bure

Msimu wa 2024 Chicago White Sox walipoteza mechi 121 kati ya 162. Tangu 1901 hakuna timu ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani iliyowahi kufika huko. Rekodi ya vipigo 120 waliyoivunja ilikuwa ya New York Mets wa 1962, ambao walau walikuwa na kisingizio: ndiyo kwanza timu yao inazaliwa. White Sox ni timu ya zaidi ya karne, na mwaka 2021 tu walikuwa mabingwa wa kundi lao. Sisi mashabiki wao, kuchekwa tumeshazoea. Kinachoniudhi ni maelezo ya kijuujuu yanayotolewa kuhusu kilichotokea.

Dhana: Warushaji ndio walioizamisha timu.

Kweli warushaji, yaani wanaowarushia mpira wapigaji wa timu pinzani, waliruhusu mikimbio 813 (mkimbio ndio pointi ya besiboli), na hilo halina utetezi. Wale waliokuwa wakiingizwa mwishoni mwa mechi, hasa, walitutoa roho. Lakini Colorado Rockies waliruhusu zaidi ya 900 mwaka huohuo na bado wakashinda mechi 61, ishirini zaidi yetu. Tofauti ilikuwa kwenye magongo, yaani upigaji. White Sox walipata mikimbio 507 msimu mzima, zaidi kidogo ya mitatu kwa mechi. Timu iliyowafuatia kwa uchache wa mikimbio, Tampa Bay Rays, ilipata 604 na kushinda mechi 80. Kwa mikimbio mitatu kwa mechi, mrushaji wako anatakiwa awe karibu malaika kila siku, na malaika hawasajiliwi.

Msimu ulijitangaza siku ya kwanza kabisa. Machi 28, dhidi ya Detroit, mrushaji wetu Garrett Crochet alirusha awamu 6 kati ya 9 za mechi, akaruhusu mkimbio mmoja tu na kuwatoa wapigaji 8 kwa kuwakosesha mpira. Timu ikapoteza 1–0.

Dhana: Crochet alishinda mechi 6 na kupoteza 12, kwa hiyo naye alikuwa wa kawaida tu.

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Ushindi anaoandikiwa mrushaji hautegemei mkono wake peke yake. Wenzake lazima wampatie mikimbio, na kama ndiye aliyeanza mechi, lazima akamilishe angalau awamu 5. Crochet alikuwa na msimu wake wa kwanza wa kuanza mechi, na miaka michache nyuma alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko. Klabu ikaamua kumtunza: kuanzia Julai alikuwa akipumzishwa mapema, mara nyingi kabla ya awamu ya 5. Hata angerusha vipi, ushindi ungeandikwa kwa jina la mwingine, kama ungekuwepo.

Tazama yaliyo mikononi mwake: wapigaji 209 waliotolewa kwa kukoseshwa mpira ndani ya awamu 146, na wastani wa mikimbio 3.58 anayobebeshwa yeye kwa kila awamu 9. Desemba akapelekwa Boston kwa kubadilishana wachezaji. Mwaka 2025, akiwa na wapigaji wanaopiga, aliandikiwa ushindi 18 na vipigo 5. Mkono ni uleule.

Dhana: Mpangilio wa wapigaji ulikuwa mbovu, wangepangwa vizuri wangefunga.

Kila shabiki ana mpangilio wake kichwani, nami ninao. Ila hesabu haitubebi. Ukimshusha mpigaji nafasi moja, katika msimu mzima anapoteza zamu kama 18 za kupiga, basi. Suala ni nani yupo kwenye karatasi, si nani anatangulia. Luis Robert Jr., aliyepiga mipira 38 nje ya uwanja mwaka 2023, aliumia Aprili na kumaliza na 14. Yoán Moncada alicheza mechi 12 tu. Andrew Benintendi, mwenye mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu, dola milioni 75, alipiga kwa wastani wa .229, yaani mapigo yaliyofanikiwa hayakufika 23 katika kila majaribio 100. Majina hayo yapange kuanzia juu, yapange kuanzia chini, utapata kilekile.

Dhana: Kocha alipofukuzwa mambo yalinyooka.

Pedro Grifol aliondolewa Agosti 8, siku chache baada ya mfululizo wa vipigo 21. Alikuwa ameshinda 28 na kupoteza 89. Grady Sizemore aliyeshika nafasi alishinda 13, akapoteza 32. Nafuu ipo, lakini ya kutafuta kwa tochi.

Dhana: Walipoteza makusudi ili wachague kijana bora wa kwanza.

Sisi tuliokulia kwenye soka tunawaza haraka hivi, kwa sababu Marekani hakuna kushuka daraja na timu mbovu hupewa upendeleo wa kuchagua wachezaji wapya. Ila siku hizi nafasi za juu hupatikana kwa bahati nasibu, na klabu zinazochangia mfuko wa kugawana mapato haziruhusiwi kupata nafasi ya bahati nasibu hiyo miaka miwili mfululizo. White Sox walikuwa wameshaipata mwaka uliotangulia. Baada ya vipigo 121, walichagua wa 10.