Saruji yenu ni nzima, jiwe ndilo limekufa

Wiki iliyopita kamati ya ujenzi ya parokia moja ya bonde la Lukuledi iliniita nikague kanisa la zamani. Sijafungua hata begi la vifaa, mwenyekiti akaniambia, "Fundi, saruji tumeshanunua mifuko ishirini. Wewe tuonyeshe tu pa kuanzia." Neno hili nimelisikia Lindi, nimelisikia Masasi, na leo naliandika.

Ukuta ule mawe yake yameungwa kwa udongo na chokaa. Masika unanyonya maji ya ardhini, kiangazi unayatoa hewani kupitia viungio na lipu. Lipu ya chokaa ina vitundu, maji yanapita. Ukipiga saruji umeziba njia, na maji yanazidi kupanda huku yakibeba chumvi. Yakikauka nyuma ya lipu, chumvi inaganda chembe chembe, inavimba, inasukuma.

Upande wa sakristia, chumba cha mavazi ya ibada, ambako saruji ilishapigwa, niligonga kwa kifundo cha kidole, ukuta ukalia kama ngoma. Nikapenyeza patasi. Bamba la saruji la upana wa sinia likabanduka zima, na mgongoni limeondoka na ngozi ya jiwe. Kilichobaki ukutani kilikuwa unga mweupe. Nikauonja: chumvi tupu.

"Lakini saruji haijavunjika," mwenyekiti akasema.

Ndiyo mzee, haijavunjika. Ugumu wake ndio ulioliua jiwe. Kiungio lazima kiwe laini kuliko jiwe, ili nyumba ikicheza kife kiungio, nasi tukijaze upya. Anayeita chokaa dhaifu avuke maji hadi Kilwa Kisiwani, autazame Msikiti Mkuu: matumbawe na chokaa, umesimama karne nyingi kabla Joseph Aspdin hajapata hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824.

Chokaa yenyewe mnaijua: jiwe linachomwa, linazimwa kwa maji, kisha ukutani linavuta hewa na kurudi kuwa jiwe. Kinachowashinda watu ni kungoja.

Kamati pia inataka kanisa lirudi "lilivyokuwa mwanzo". Mwanzo upi? Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki wa St. Ottilien kule Ujerumani, walifungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka uliofuata. Vita vya Majimaji vikateketeza vituo vyote viwili mwaka 1905, na mwaka 1906 wakaanza Ndanda. Kuta za misheni zetu zina tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lina waumini waliobeba mawe yake kichwani. Sibomoi kazi ya babu wa mtu kwa sababu tu si ya kwanza.

Penye saruji iliyoshika kweli kweli, ndipo moyo wangu unagawanyika. Nikiing'oa, inaondoka na jiwe. Nikiiacha, inaendelea kulila. Pale madhabahuni nimeiacha kwa sasa, nimeweka alama za penseli kwenye ufa, nitazisoma masika ikiisha. Huenda nimekosea.

Ile mifuko ishirini haitaoza stoo. Tunaijengea mfereji wa kupeleka maji ya paa mbali na msingi, na hapo saruji iko mahali pake. Chokaa imeshazimwa, ipo shimoni chini ya maji, na nimemwomba katekista asiruhusu mtu aiguse kabla ya miezi mitatu.