Dopamini sio ya raha tu, tezi za adrenali nazo zinaihitaji

Vijana wengi wanaokuja kliniki hapa Mbeya ukiwatajia dopamini wanawaza simu na kubeti, mitandao imeshaitangaza kama kemikali ya raha basi ikaishia hapo. Mimi kazi yangu ni homoni, leo naomba tuishushe dopamini kutoka kichwani mpaka juu ya figo, kwenye tezi za adrenali, maana huko ina kazi kubwa na inasemwa kidogo mno.

Adrenali ziko mbili, moja juu ya kila figo, na kwa mtu mzima kila tezi ina kama gramu 4 au 5 hivi. Sehemu ya ndani ndo inatengeneza adrenalini, na huwezi kufika kwenye adrenalini bila kupita kwenye dopamini: tairosini, kipande cha protini cha kwenye chakula (maharage ya Uyole yamo), inageuzwa levodopa, halafu dopamini, halafu noradrenalini, ndo adrenalini. Kwa hiyo tezi yenyewe inajitengenezea dopamini, haisubiri ya ubongoni, na hata ile ya ubongoni na ya kwenye damu hazichanganyiki hovyo maana kuna kizuizi katikati.

Sehemu ya nje ina matabaka matatu. La juu kabisa linatoa aldosteroni, homoni inayoiambia figo ibakize chumvi na itoe potasiamu. Ikizidi, presha inapanda.

Sasa dopamini, kupitia risepta (vipokezi vya ujumbe kwenye seli) zinazoitwa D2, inalibana hilo tabaka muda wote, yaani hata ukiwa mzima umekaa zako, kama dereva wa lori anayeshuka Kitonga, mguu hautoki kwenye breki. Tunajuaje? Mpe mtu mzima wa afya bromokriptini, dawa inayoamsha D2, aldosteroni yake kwa kawaida haishuki kwa sababu tayari ilishabanwa. Mpe metoklopramaidi inayoziba D2, aldosteroni inapanda ndani ya dakika chache, na huwezi kusema ni renini (ya kutoka kwenye figo) au potasiamu, ambazo kwa kawaida ndo huisukuma, zimeisukuma. Hili lilionekana tangu miaka ya 1970, na kwangu ndo sehemu tamu kuliko zote kwenye mada hii, kwamba unaigundua kazi ya kitu siku unapokiondoa. (Zipo pia risepta za D4 ambazo zenyewe zinasukuma aldosteroni juu, kwa hiyo usikariri kwamba dopamini siku zote inazuia.)

Kwenye ukuaji ni hivyohivyo. Maabara seli za adrenali zikiamshwa D2 zinapunguza kasi ya kugawanyika, na kwenye ule uvimbe unaomwaga aldosteroni, ugonjwa alioueleza Jerome Conn mwaka 1955, risepta za D2 zimekutwa zimepungua. Simaanishi upungufu huo peke yake ndo unaleta uvimbe, kuna mabadiliko ya jeni pia, ila tezi inakuwa imepoteza kitu cha kuituliza.

Na hapa ndo inakugusa wewe wa Mwanjelwa au Makambako, maana metoklopramaidi ndo hiyohiyo Plasil unayochomwa ukitapika. Kwa mtu wa kawaida aldosteroni ikipanda muda mfupi haina shida, ila kama una presha sugu na unaenda kupimwa aldosteroni, mwambie daktari kama umepewa dawa ya kutapika, la sivyo majibu yanaweza kupotosha.

Ila kuna wagonjwa ambao nawaombea sana umakini. Mtu mwenye feokromositoma, uvimbe wa ile sehemu ya ndani, anapata presha ya ghafla, kichwa kugonga, jasho, moyo kwenda mbio, halafu inatulia. Huyu metoklopramaidi hapewi kabisa, inaweza kuufanya uvimbe umwage homoni kwa mpigo na presha ikaruka mpaka ya kuua. Kwa hiyo muuguzi mwenzangu au daktari wa zahanati, mgonjwa akija anatapika na ana historia ya namna hiyo, pima presha kwanza na utafute dawa nyingine ya kutapika, usiifungue hiyo ampuli.