Sangari haiishi kwa kupitishiwa trekta

"Nitapitisha trekta mara mbili sangari iishe, halafu nipande Boma Rhodes." Sangari ni nyasi sugu inayotambaa, na Boma Rhodes ni nyasi ya malisho inayopandwa kwa mbegu. Kila mvua ikikaribia nasikia maneno haya kutoka kwa wafugaji wa Ngong, Kitengela na Ruiru, na kutoka kwa wakazi wa Nairobi wenye vipande vya ardhi huko wanaosimamia shamba kwa simu. Wanalipia diski (plau ya sahani zinazokata udongo), wanalipia haro ya kusawazisha, wanalipia mbegu. Majuma machache baadaye shamba ni sangari tupu, na lawama zinamwendea aliyewauzia mbegu. Jamani, mbegu mara nyingi haina kosa.

Ile mnayoiita mizizi ya sangari ni mashina yanayotambaa ardhini, na kwenye kila kifundo kuna jicho linaloweza kuchipuka. Diski huyakatakata. Shina moja refu linageuka vipande vingi, kila kimoja na macho yake, kisha haro inavikokota hadi pembe za shamba ambazo hazikuwa na sangari. Na kwa kuwa trekta hukodiwa mvua ya kwanza ikishanyesha, kila kipande kinaangukia udongo wenye unyevu. Yaani umelipa pesa kwa ekari ili sangari ipandwe.

Lima wakati wa kiangazi, Januari na Februari, kabla ya mvua ndefu, na utafute plau ya meno inayoyainua mashina hayo bila kuyakata sana. Yaache juani mpaka yakauke na kuvunjika mkononi, kisha rudia. Kwa robo ekari, sahau trekta kabisa. Chukua jembe la meno, pindua udongo, ukung'ute, uokote kila uzi mweupe unaouona. Vibarua hawaipendi kazi hii kwa sababu inachosha, lakini kwa shamba dogo sijaona njia inayoishinda. Ulichookota usikitupe kwenye lundo la samadi wala mpakani. Kianikwe mpaka kikauke kabisa, kisha kichomwe.

Halafu nawasihi: msimu wa kwanza msipande nyasi. Pandeni viazi vitamu au njahi (fiwi), zitandae na kufunika ardhi, maana sangari hudhoofika kivulini, na mng'oe kila inayochomoza. Mche wa Boma Rhodes ni mwembamba na huanza polepole. Ukiuweka katikati ya sangari iliyo hai, hauna nafasi.

"Basi nitanunua dawa agroveti." Dawa gani? 2,4-D huua magugu ya majani mapana na kuiacha nyasi ilivyo, lakini bado nakutana na watu walioinyunyizia sangari na kukaa wakisubiri. Glaifoseti inaiua, ila inaua na Boma Rhodes pia, kwa hivyo ni ya kutumia kabla ya kupanda. Sangari iwe na majani mabichi yanayokua, kwa sababu dawa huingilia kwenye majani ndipo ishuke hadi mashina ya chini. Ukiinyunyizia nyasi iliyokauka kwa jua, au ukilima kesho yake, umemwaga pesa. Ngoja kama wiki mbili. Tumia maji safi, kwani udongo ulio kwenye maji ya matope huishika dawa na kuipunguzia nguvu. Kuongeza kipimo maradufu nako hakusaidii: majani huungua upesi kabla dawa haijashuka. Fuata lebo, na ng'ombe wasiingie humo mpaka muda ulioandikwa upite.

Moto? Huunguza majani tu. Macho yako salama chini ya udongo, na mvua ikinyesha sangari huwa ya kwanza kuota.

Wengine huniambia sangari ni gugu lililoletwa na wageni. Ni nyasi ya Afrika, ya kwetu, na ng'ombe huila vizuri. Ubaya wake ni kwamba haikupi nyasi nyingi za kukata na kufunga marobota. Kwa hivyo kama una mteremko ambao ng'ombe wawili watatu hulisha tu, iache hapo, maana inashika udongo usibebwe na maji. Pambana nayo pale unapotaka Boma Rhodes au mabingobingo (nyasi ya nepia).

Na trekta ya kukodi ikifika langoni, dereva asafishe plau kabla ya kuingia. Vipande vya sangari ya jirani husafiri vikiwa vimekwama kwenye diski, na dereva akikuambia hana muda, mwambie ataupata au arudi alikotoka.