Kichwa si gunia: tunayodhani kuhusu kazi nyingi na mazoezi

Siku ya soko pale Busia, upande wa Uganda, wakala wa pesa za simu anahesabu shilingi za nchi mbili, anaandika daftarini, anabonyeza simu na kumjibu anayelalamika nyuma ya foleni. Watu husema anafanya mambo manne kwa mpigo. Hafanyi. Akili yake inaruka kutoka jambo moja hadi jingine, na kila kuruka kunakula muda. Mwaka 1995 wanasaikolojia Rogers na Monsell walipima hilo: hata mtu aliyejua zamu ya kubadili kazi inakuja, tena akapewa muda wa kujiandaa, bado alichelewa.

Dhana inayonikera zaidi ni kwamba mazoezi hupanua kichwa, kama gunia lililoongezewa kitambaa. Mwaka 1980 Ericsson, Chase na Faloon waliandika habari za mwanafunzi mmoja Marekani. Alianza akikumbuka tarakimu 7 hivi zikisomwa mara moja. Baada ya saa zaidi ya 230 za mazoezi alifika 79. Siri? Alikuwa mkimbiaji, akazifunga tarakimu vifurushi vifurushi kama muda wa mbio. Alipopewa herufi, akarudi kwenye 6 tu.

Wakala wetu ni vilevile. Namba ya simu ina tarakimu 10, lakini 0772 kwake ni kifurushi kimoja. Mhamishie forodhani, umpe namba za kontena, herufi 4 na tarakimu 7, uone atakavyobabaika.

Na "mazoezi hayaozi"? Huoza, masharti yakigeuka. Mwaka 1977 Shiffrin na Schneider waliwazoesha watu kutafuta herufi fulani, kisha wakageuza: za kutafutwa zikawa za kupuuzwa. Wakafanya vibaya kuliko siku ya kwanza! Aliyewahi kupangiwa upya menyu ya simu yake anajua vidole vinavyokimbilia mahali pa zamani.

Mwisho, eti kazi nyepesi haina makosa. Muulize askari anayekodolea macho skrini ya kamera usiku kucha. Mackworth, mwaka 1948, aliwaketisha watu mbele ya mshale wa saa uliokuwa ukiruka hatua moja moja, wagundue kila uliporuka hatua mbili kwa mpigo, jambo la nadra. Baada ya nusu saa tu walianza kupitwa na mingi ya miruko hiyo. Waliopokezana kila nusu saa hawakuporomoka.