Kaunta buku ndani ya kanga

Mama mmoja alinijia ofisini na kaunta buku alilolifunga ndani ya kanga. Kwa miaka 11 ameandika humo kila mfuko wa saruji na kila bati alilonunua kwa hela ya maandazi. Mumewe hajui. Nyumbani akiitwa huitika "abee", na chakula kiko mezani kwa wakati. Kwangu alikuja na swali moja: "Wakili, haya yana maana yoyote?"

Yana maana kubwa. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja ndoa inapovunjika. Mabishano yalikuwa hapa: aliyepika, akafua na kulea, naye amechuma? Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango.

Wengi wanaolitaja shauri hilo huishia hapo. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mumewe alikuwa amempa fedha za mradi wa familia, mahakama ikaona amezitapanya, basi mchango wake ukafutika. Huniuma kila nikilisoma. Alishinda hoja iliyowafaa wake wa nchi nzima, akarudi mikono mitupu.

Ndiyo maana nalithamini daftari. Umechangia kiasi gani, hilo linataka ushahidi. Nusu kwa nusu haiji kwa sababu tu mlioana. Risiti ziwe na jina lako. Mali ikiandikwa kwa majina yenu wote wawili, kifungu cha 60 kinachukulia mna haki sawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nyumba ya ndoa, chini ya kifungu cha 59, haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa yako, na unaweza kuiwekea zuio bila kugombana na mtu.

Wapo wanaosema mke wa namna hii ameshafunga mizigo. Nakataa kabisa. Mama huyu anampenda mumewe. Amechoka tu kusikia "mke wangu hana kazi".

Nikamuuliza mbona miezi minane aliyomuuguza mkwewe haimo.

"Kumbe na hiyo inaandikwa?"

Akaomba kalamu.