Je, wajua kwa nini Gentoo huweza kujengwa upya bila kukompaili kila kitu?

Gentoo ni Linux iliyojipatia jina kwa jambo moja: unapakua msimbo chanzo, kisha kompyuta yako mwenyewe inaukompaili, yaani inaugeuza kuwa programu inayoendeshwa. Programu ndogo humalizika kwa sekunde. Chromium au LibreOffice huweza kuifanya mashine ya kawaida ingurume kwa saa nyingi.

Sasa fikiria kuujenga upya mfumo mzima. Machi 2024, wasifu mpya wa 23.0 (seti ya mipangilio ambayo Gentoo hukupa kama msingi) ulibadilisha mipangilio ya msingi ya kukompaili, na watumiaji wakaelekezwa kujenga upya vifurushi vyote kwa amri ya emerge --emptytree @world. Ahueni ilikuwa imeshafika: tarehe 29 Desemba 2023 Gentoo ilitangaza hazina ya vifurushi vilivyokwisha kukompailiwa, zaidi ya GB 20, kwa prosesa za amd64 na arm64. Ukiongeza --getbinpkg kwenye amri hiyo, kilichopo hazinani hupakuliwa na kupangwa mahali pake. Kazi ya siku nzima huwa ya muda mfupi tu.

Mbona basi vifurushi vingine bado hukompailiwa? Kwa sababu kifurushi kilicho tayari hubeba maamuzi ya aliyekitengeneza. Programu ikikompailiwa bila Bluetooth, hakuna faili ya mipangilio itakayoirudisha, maana msimbo wa kazi hiyo haumo ndani kabisa. Gentoo huyaandika maamuzi hayo kama bendera za USE. Portage, msimamizi wake wa vifurushi, hulinganisha bendera zako na za kifurushi. Zikitofautiana, hukiacha na kurudi kwenye msimbo chanzo. Kwa hiyo kadiri ulivyojichagulia mambo yako, ndivyo utakavyokompaili zaidi. Mimi naona ni haki kabisa: hupotezi uhuru wako, unaulipia muda pale tu unapoutumia. Ongeza --ask uone orodha kwanza: mstari wenye neno binary utapakuliwa, wenye ebuild utakompailiwa.

Kuna jambo moja ambalo Portage hailinganishi, nalo ndilo la hatari: chaguo za kikompaila zinazolenga aina ya prosesa. Kwa amd64 zipo hazina mbili. Ya x86-64 hufanya kazi kwenye prosesa yoyote ya familia hiyo. Ya x86-64-v3 inadai maagizo mapya zaidi, kama AVX2. Ukiiweka kwenye prosesa isiyoyajua, programu hukatika na ujumbe wa “Illegal instruction”. Ikiwa kifurushi chenyewe ni glibc, maktaba inayotegemewa na karibu kila programu, hata ls, amri ya kuorodhesha faili, haitafunguka.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, endesha /lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help. Mwishoni itakuorodheshea viwango, na kando ya x86-64-v3 utafute neno “supported”. Lisipokuwepo, baki na hazina ya kawaida.