DPI kubwa haifanyi mausi yako ilenge vizuri

Ukizunguka maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, ukitafuta mausi utaambiwa chukua hii ya DPI 16,000, ndio iko na shabaha kali, na watu wengi wanaamini kabisa. Si kweli jamani. DPI ni hesabu ya hatua ambazo mausi inaripoti ukiisogeza inchi moja, basi. Hiyo ni spidi, si shabaha.

Chukua skrini ya pikseli 1920 kwa upana. Ukiwa na DPI 800, na spidi ya mshale kwa setingi za Windows iko katikati, mkono unasonga kama sentimita 6 ndio mshale uvuke skrini yote, lakini ukiweka 16,000 ni milimita 3 tu, yaani hata ukipumua mshale umeruka, sasa hapo utalenga nini kweli? Kati ya 800 na 1600 inatosha watu wengi, awe anacheza gemu ama anafanya kazi ya dizaini.

Kitu kingine kinachochanganya watu, na hiki ndicho kinaniuma zaidi, ni kile kisanduku cha "Enhance pointer precision" kwa setingi za mausi. Jina linadanganya, hicho kinaongeza mwendo kulingana na vile umesukuma haraka, kwa hivyo umbali uleule wa mkono unakupeleka mahali tofauti kila saa na mkono hauwezi kuzoea. Kitoe tiki, acha spidi ya Windows hapo katikati, halafu ubadilishe DPI pekee, na uipe siku kadhaa mkono ushike.